Sema Kwanza, Ndipo Usogeze

Mwalimu Hepi, uliniomba nikuachie maelezo ya lile sanduku la michezo lililo kwenye kabati la darasa la pili, chini ya chati za irabu. Ulisema ukurasa mmoja unatosha. Nimekaa kibarazani siku nne sasa na ukurasa mmoja umenishinda. Basi nawaandikia wewe na wenzako mlioajiriwa karibuni, nanyi mtanivumilia, maana mstaafu hana kengele ya kumwambia kwamba kipindi kimekwisha.

Madaraja na vyeo sitavigusa. Vyangu vilikuwa vichache na vilichelewa, na mwenye hamu navyo atavikuta kwenye jalada.

Nilianza kazi shule moja ya upande wa Mkwajuni, nikiwa binti wa Itaka mwenye sanduku la bati na cheti ambacho wino wake ulikuwa haujakauka vizuri. Nilipewa darasa la kwanza: watoto tisini na kitu, madawati kumi na moja. Nikaandika irabu tano ubaoni, nikageuka, nikauliza, "Hii ni nini?" Kimya. Nikauliza tena kwa sauti kubwa zaidi. Hilo ni kosa la kila mwalimu mgeni, kudhani mtoto asiyejua lugha yako ni kiziwi. Wengine walikuwa wa Kinyiha kama mimi, wengine wa Kisafwa, wengine watoto wa wachimbaji dhahabu waliotoka kila pembe ya nchi. Kiswahili walikuwa wamekisikia redioni na kwa askari. Kipindi kilipokwisha nilikwenda nyuma ya darasa nikalia kidogo, kisha nikarudi kwa kipindi cha pili, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kukifundisha.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mwalimu Mwasenga, mzee mwenye kikohozi na chaki mfukoni mwa shati, aliyebakiwa na miaka miwili astaafu. Nilimkuta amekaa sakafuni na watoto sita, katikati yao kuna ludo iliyochorwa kwa rangi ya mafuta juu ya kifuniko cha kreti. Sheria yake ilikuwa moja. Mtoto akirusha dadu, hagusi kete mpaka aseme anachotaka kufanya. "Sema kwanza, ndipo usogeze," mzee alikuwa akirudia. Kuna binti alirusha nne, akahangaika, mwishowe akalisema kwa Kinyiha. Mzee akaitikia kwa kichwa, akalirudisha polepole kwa Kiswahili, "Nasogeza kete yangu hatua nne." Binti akalirudia neno kwa neno, akasogeza, akatabasamu.

"Mtoto akitaka kusogea atalitafuta neno mwenyewe," mzee aliniambia baadaye tukinywa chai. "Asipotaka, hata umpe kamusi nzima ni bure, mwanangu."

Nililiandika lile kwenye daftari langu. Daftari ninalo mpaka leo, na juzi nimelifungua. Nimeandika sheria, nimeandika idadi ya wachezaji, hata ukubwa wa kifuniko nimeupima. Ile sehemu ya mtoto kuanza na lugha ya kwao sikuiandika. Niliiona kwa macho yangu nikadhani ni ulegevu wa uzee. Naomba mkumbuke jambo hilo mnapoendelea kusoma.

Nilihamia Tunduma kumfuata mume wangu, ambaye sasa ni marehemu. Darasa nililopewa lilikuwa karibu na barabara kuu, na mnajua wenyewe foleni ya malori yanayongoja kuvuka mpaka. Kila lori lilipoachia breki ya upepo nililazimika kuanza sentensi upya. Hapo ndipo nikalitengeneza sanduku. Ludo niliichora kwenye kadibodi ya katoni za sabuni. Drafti ni kipande cha plaiwudi nilichookota kwa fundi, miraba myeusi nikaipaka dawa ya viatu. Ikifutika, msipake rangi ya ukutani, inanata kwenye vidole na mama zao watakuja kuwauliza. Kete ni vizibo vya soda, upande mmoja vimefunikwa, upande mwingine vimefunuliwa, ili asiwepo wa kubishana ipi ya nani. Watabishana hata hivyo.

Mwezi wa kwanza tu walinijia wazazi wawili katika wiki moja, mchungaji na ustadhi mmoja mwenye malori, kila mmoja kwa wakati wake, wakilalamika kwamba nafundisha watoto kamari kwa sababu ya dadu. Nilikaa Tunduma miaka mingi na hilo ndilo jambo pekee nililowaona wawili hao wakikubaliana. Sikubishana nao. Nilichukua kopo la maziwa ya unga, nikatia vikaratasi vyenye maneno, na mtoto akawa anachomoa "tatu" au "tano" na kulisoma kabla ya kuhesabu hatua. Likawa somo la kusoma bila mtu kulitaja. Kopo ndilo hilo lililopata kutu mdomoni. Lifungeni kitambaa, linakata.

Kila mchezo una kazi yake. Ludo inamfundisha mtoto kuhesabu na kungoja. Nyoka na ngazi inamfundisha kusimulia, kwa sababu kila mtoto aliyemezwa na nyoka ana maelezo marefu ya namna alivyoonewa. Lakini drafti ndiyo mwenye kiti. Kwenye drafti mtoto hawezi kucheza vizuri bila kuwaza "ikiwa" na "kwa sababu", na mtoto aliyeyapata maneno hayo mawili ameanza kufikiri kwa sauti. Nilimpata hivyo Salumu, mtoto wa yule ustadhi. Alikuja shule akiwa anasema Kiswahili kama mtangazaji, akijibu maswali ya kila mtu hata asiyeulizwa. Drafti ilimnyamazisha kwa muhula mmoja. Alikuwa anaanza, "Nasogeza hapa kwa sababu..." kisha anatazama, anaiona sababu haipo, anafunga mdomo. Baba yake alikuja kuniuliza kama mtoto anaumwa.

Mimi sheria ya mzee niliikaza. Niliiandika kwa herufi kubwa juu ya ubao: SEMA KWANZA, KWA KISWAHILI, NDIPO USOGEZE. Asiyesema kwa Kiswahili, nahesabu kimoyomoyo mpaka kumi, kisha nasema, "Zamu imepita." Wakati ule walikuwepo wenzangu waliokuwa wakiwavisha watoto kibao cha aibu shingoni wakisikika wakiongea cha kwao. Mimi kibao sikuwahi kumvisha mtoto. Nilijiona mstaarabu. Nilikuwa nikichukua zamu tu.

Sasa nifike kwa Jeska.

Alikuwa Mnamwanga, familia yake ilipanda kutoka bonde la Momba baada ya mvua kuwaangusha misimu miwili. Baba yake alisukuma mkokoteni wa mizigo kati ya Tunduma na Nakonde, upande wa Zambia. Mtoto alikaa darasa la kwanza mwaka mzima bila kutoa sauti, akapandishwa la pili kwa sababu ya kuhudhuria kila siku, na kwangu akaendelea kunyamaza. Ukimwita anasimama. Ukimuuliza anatazama vidole vya miguu yake. Mwenzangu aliyenikabidhi darasa aliandika mbele ya jina lake neno moja, "Mzito."

Niligundua si mzito siku niliyowaacha na drafti nikaenda kupokea daftari ofisini. Niliporudi nilisimama dirishani. Jeska alikuwa amewafunga watoto watatu mfululizo, na wa nne alikuwa anakaribia kulia. Hakuna aliyekuwa akimtaka aseme, basi alicheza. Alikuwa akiweka kidole juu ya mraba mtupu, anakiacha hapo, macho yanatembea, kisha anarudi na kusogeza kete nyingine kabisa upande ambao hukuutegemea. Niliingia, na nilipoingia sheria ikaingia nami. Akapoteza zamu tatu kwa kunyamaza, akafungwa.

Baba yake alikuja shuleni muhula wa pili. Alivua kofia, akasimama mlangoni mpaka nilipomkaribisha mara mbili.

"Madamu, nimekuja kwa habari ya huyu mtoto," alisema. "Mwalimu mkuu anasema asipoweza Kiswahili atakariri darasa."

"Bado kuna muda, baba."

"Akikariri mimi namtoa. Dada yangu yuko Nakonde pale, anauza vitenge. Anamtaka amsaidie. Mimi nilimwambia ngoja kwanza tuone shule." Akaipindapinda kofia. "Sasa nakuuliza wewe unayekaa naye. Ana akili, au nimwachie shangazi yake?"

Nilimwambia ana akili kuliko wengi. Nikamwambia aje siku ya wazazi mwishoni mwa muhula, atamwona mwenyewe akicheza na akisema. Hiyo ndiyo ahadi niliyoitoa, kwa mdomo wangu, bila kuombwa. Alinishukuru kwa mikono miwili.

Wiki sita zile nilimfanyia kazi Jeska kama nisivyowahi kumfanyia mtoto mwingine. Nilibaki naye baada ya masomo, tunacheza wawili. Alifika kusema, "Nasogeza hapa." Ilikuwa kwa kunong'ona, lakini ilikuwa sentensi. "Kwa sababu?" nilikuwa namuuliza. Hapo anakwama. Sababu anayo, naiona machoni, lakini ni ndefu kuliko Kiswahili chake. Ningeweza kumwambia aiseme kwa Kinamwanga nimgeuzie. Kinamwanga nakisikia vizuri, kina undugu na Kinyiha changu, na mume wangu alikuwa wa huko. Sikumwambia. Niliogopa kwamba akionja njia rahisi hatarudi kwenye ngumu.

Siku ya wazazi darasa lilijaa. Mwalimu mkuu alikaa mbele, wazazi wakajipanga kwenye kuta, baba Jeska karibu na mlango akiwa amevaa koti. Nilimpanga Jeska na Salumu kwa makusudi, nikijua wa Kiswahili kingi akishindwa na huyu, hakuna mtu atakayeniuliza tena habari ya uzito.

Salumu alianza kwa kujitanua kama kawaida. Jeska alijibu, "Nasogeza hapa," na kila mtu akasikia. Nilimwona baba yake akimgusa jirani yake begani. Mchezo ukaenda hivyo, zamu kwa zamu, mpaka kete zikapungua. Kisha Jeska akaweka kidole kwenye mraba mtupu. Niliufuata mtego kwa macho nikauona. Akimpa Salumu kete moja, Salumu atalazimika kula, maana kwenye drafti kula ni lazima, na akishakula njia inafunguka, Jeska anakula tatu kwa mkupuo na kuingia kingi.

"Sema kwanza," nikamwambia.

Akasema. Alinyanyua uso, akanitazama mimi, na akasema yote kwa Kinamwanga, kwa sauti ya mtu mzima: kwamba anampa huyu kete moja, na huyu hana budi kuila, na akishaila atakuwa ameacha mlango wazi, kwa hiyo yeye atapita hapa, na hapa, na hapa, na huo ndio mwisho. "Kwa sababu" ilikuwemo. "Ikiwa" ilikuwemo. Sentensi yenye viungo vyote, ambayo nilikuwa nikiitafuta kwa watoto tangu Mkwajuni, na mimi nimeielewa neno kwa neno.

Baadhi ya watoto walicheka. Mwalimu mkuu aliinua macho akatazama maandishi yangu juu ya ubao, kisha akanitazama mimi. Nikaona aibu. Hiyo ndiyo kweli, ilikuwa aibu tu, wala haikuwa elimu.

"Kwa Kiswahili, Jeska," nikasema.

Kidole kilibaki pale kwenye mraba. Nilihesabu mpaka kumi. Nadhani nilihesabu taratibu kuliko siku zote, lakini nilifika.

"Zamu imepita."

Salumu akasogeza. Mtego ukafa. Jeska akashusha mkono, akauweka mapajani, na hakucheza tena.

Baba yake alipita katikati ya wazazi mpaka mezani. Hakuwa amekasirika. "Madamu," alisema, "mimi nimemwelewa alivyosema. Wewe hukumwelewa?"

"Nilimwelewa, baba."

"Basi," akasema. Akamshika mtoto mkono wakatoka.

Jumatatu hakuja. Jumanne nilituma mtoto wa jirani yao, akarudi na habari kwamba Jeska amekwenda Nakonde kwa shangazi. Kwa mnaotoka mbali, Nakonde si safari. Ni kuvuka tu, watu wana ndugu kila upande na watoto hupita kama wanakwenda kisimani. Jumamosi ile nilivuka. Nilizunguka kwenye mabanda ya vitenge nusu saa, labda dakika arobaini, sikumwona, nikarudi. Nilijiambia nimetimiza wajibu wangu. Nusu saa, Mwalimu Hepi. Kununua tu viatu vya sikukuu nimewahi kuzunguka zaidi ya hapo.

Nilifuta maandishi juu ya ubao wiki iliyofuata. Tangu hapo mtoto kwangu alisema kwa lugha aliyokuja nayo, mimi au mwenzake akamgeuzia, akarudia, akasogeza. Kama sikuijua lugha yake nilimwita aliyeijua. Kulikuwa na mtoto aliyekuja na Kibemba kitupu akawa anageuziwa na Salumu, ambaye alikuwa amekiokota kwa madereva wa baba yake pamoja na maneno mengine ambayo nilimwomba asiyageuze. Mkaguzi mmoja alinihoji kwa nini darasa langu linasikika kama soko. Nilimwambia akae acheze. Hakukaa. Hayo ndiyo maelezo ya sanduku uliyoyaomba, nami nilichofanya ni kurudi pale alipokuwa Mwalimu Mwasenga siku ya kwanza niliyomwona. Njia hiyo ilinichukua nusu ya utumishi wangu na mtoto mmoja.

Ningeishia hapo kama nisingevuka mwezi uliopita.

Nilikwenda Nakonde kutafuta kitenge cha kuvaa kwenye ile hafla ya kuniaga mliyonifanyia. Kwenye kona ya mabanda kulikuwa na madereva wamezunguka katoni iliyopinduliwa, juu yake drafti ya vizibo. Aliyekuwa akicheza nao ni mwanamke, kiunoni amefunga kitenge, anauza kwa mkono mmoja na kucheza kwa mwingine. Anamjibu mteja kwa Kibemba, anamtania dereva kwa Kiswahili cha mjini, anamkemea mwingine kwa Kiingereza cha biashara. Kisha akaweka kidole kwenye mraba mtupu, akakiacha hapo. Nilisogea karibu kabla sijamtazama usoni.

Alinijua yeye kwanza. "Madamu. Shikamoo."

"Marahaba, Jeska."

Dereva aliondoka akinung'unika, amefungwa. Jeska alinivutia kigoda. Aliniambia baba yake alifariki zamani. Ana binti, ameanza shule mwaka huu. Akaingiza mkono chini ya vitenge akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Imetoka shuleni kwao tangu juzi. Hawa jirani nikiwapa watajua mambo yangu. Nisomee."

Niliichukua. Ilikuwa ya Kiingereza, ikimwomba mzazi aje kuonana na mwalimu wa darasa, kwa sababu mtoto hazungumzi darasani. Nilimsomea kwa Kiswahili, sentensi moja moja. Alisikiliza kichwa kimeinama. Akauliza mkutano ni siku gani, nikamwonyesha ile tarehe, akaigusa kwa kidole kama anavyogusa mraba. Tarakimu anazijua zote.

"Nitakwenda," alisema. Akapanga vizibo upya, vyake vimefunikwa, vyangu vimefunuliwa. "Cheza, madamu. Anza wewe."

Nilitazama ubao. Sikuona kete. Nilikuwa na jambo moja tu la kumwambia, nimelibeba miaka yote, na niliona heri nilitoe kwa lugha yake, ile niliyomnyang'anya. Nikalisema kwa Kinamwanga. Nilimwambia kwamba siku ile nilimwelewa, na kwamba anisamehe.

Hakuinua uso. Mkono wake ulikuwa umetulia kando ya katoni.

"Kwa Kiswahili, madamu," akasema.

Nilifungua mdomo. Lugha niliyoifundisha maisha yangu yote, na neno lenyewe ni moja, linafundishwa darasa la kwanza. Lori liliachia breki nyuma yetu. Nilimwona midomo yake ikitikisika kidogo, nikajua anahesabu, na hakuharakisha.

"Zamu imepita," akasema Jeska, akasogeza.